Foto Ambayo Haikuiva

Siki siipendi. Kwenye harusi, wenzangu wakijipakulia saladi, mimi napitisha bakuli kwa wa pembeni, nao hudhani naringa. Siringi. Film za zamani zikikaa miaka mingi zimefungiwa mahali hutoa harufu ileile ya siki, na juma lililopita, baada ya misa ya siku arobaini ya baba, nilipoachiwa sanduku lake la bati nilipange, nilifunua mfuniko nikakuta harufu hiyo inanisubiri. Nilikaa chini kwenye saruji na nguo zangu za misa. Nililia kama mtoto, na niseme ukweli, sikuwa namlilia baba peke yake.

Nawaandikia ninyi wa rika langu, mnaokumbuka kwamba foto ilikuwa kitu cha kungojwa. Watoto wetu wanaipiga picha sahani ya chipsi mara kumi kabla haijapoa, wanafuta tisa, wanaila ya kumi kwa macho na kuisahau. Siwasemi vibaya. Nasema tu kwamba sisi tulingoja, na mimi kuna siku sikuweza kungoja.

Tulikaa Annexe, pembezoni mwa Lubumbashi, upande ambao nyumba zilikuwa bado zinaogopana, kati ya moja na nyingine mahindi ya mtu. Babu yangu mzaa baba aliteremka kutoka kaskazini na kazi ya reli, akawaachia wanawe rozari na tabia ya kuamka mapema. Baba hakutaka reli wala mgodi. Alitaka kamera. Jumapili baada ya misa alipanda baiskeli hadi Karavia, ambako watu waliovaa vizuri walitembea kando ya maji, akawapiga foto wamesimama wima, mkono mmoja kiunoni. Siku nyingine alikwenda Luano, uwanja wa ndege, kwa wanaosindikizana, kwa sababu mtu akiwa anaondoka hakuna anayekataa foto. Mama alikuwa wa watu waliolima hapa kabla shimo la mgodi halijachimbwa, na aliendelea kulima nyuma ya nyumba yetu kana kwamba shimo hilo halimhusu.

Kwa msomaji asiye wa kwetu lazima nieleze neno moja. Mdomoni mwa mtu wa Lubumbashi, "kupiga" hugeuka "kupika". Tunapika simu, tunapika magoti kanisani, mwalimu anapika kengele, na baba yangu alikuwa anapika foto. Mama naye alipika bukari, ndio ugali wenu, na sombe, majani ya muhogo, na wali siku za sikukuu. Watu wazima hawachanganyi, wanajua jiko liko wapi. Mimi nilichanganya, na sioni nani angenilaumu. Nje, mama ameinama juu ya mbabula, jiko letu la makaa, anakoroga. Ndani, katika stoo aliyoiziba kwa mablanketi, chini ya balbu aliyoipaka rangi nyekundu ya kucha, baba ameinama juu ya mabeseni matatu, anatikisa maji polepole, anachungulia, ananusa. Beseni moja lilikuwa la mama la kuoshea mboga, na alilidai mpaka mwisho.

"Papa, ilishaiva?" niliuliza, mdomo kwenye ubao wa mlango.

"Bado. Ngoja kidogo."

"Niingie?"

"Ukifungula mulango itaungula! Ngoja."

Mama akadakia kutoka kwenye mbabula: "We bwana, unapikaka kila siku, na hatuyakula hata siku moja."

"Yako iko ya tumbo, mama Mado. Yangu iko ya macho."

Mado ndiye mimi. Meno ya mbele yalikuwa yameng'oka, na nilikuwa naamini kwamba foto huingia mbichi ndani ya kamera, ikaanza kupata moto humo, kisha ikamaliziwa kwenye mabeseni. Baba alijua kwamba ninaamini hivyo. Ilimchekesha, hakunisahihisha.

Film mpya ikiingia, foto ya kwanza kabisa haiaminiki. Wakati mwingine inatoka nusu. Baba hakuwapa wateja foto hiyo. "Hii iko ya kuonja," alisema, kama mama anavyochota mchuzi kwenye kiganja kabla ya kuongeza chumvi, na ya kuonja ilikuwa yangu. Film yenyewe aliiweka gizani, stoo, ili hata hiyo moja isipotee. Mimi nilimwona akifungua kamera siku ilipokuwa tupu tu: anabonyeza kitasa kidogo pembeni, mgongo wake unafunguka kama mlango wa kabati, anapuliza vumbi, anafunga.

Siku ambazo hazikuwa na film, nazo zilikuwa nyingi, alinipa ganda la kiberiti lisilo na njiti nichungulie ndani yake. "Uniletee kintu moja ya hapa kwetu yenye hauyaona," alisema. Nilimwambia kwamba vyote nimeviona. "Basi utakuya mikono mitupu," akasema, akaendelea kufuta lenzi.

Sikurudi mikono mitupu. Nililala kwa tumbo chini ya meza nikakuta barabara ya sisimizi inayopita mguu hadi mguu. Nilipanda juu ya pipa nikaona kwamba kichwa cha mama kina njia ya nywele iliyopinda, yeye mwenyewe hajui. Niliona tundu la bati likidondosha duara la jua kitandani, na duara lile likitembea siku nzima bila mtu kulisukuma. Nyufa za kisigino cha mama, kupitia kiberiti, zilikuwa shamba letu wakati mvua imekawia. Nilimwita baba aje. Alikuja na suruali yake ya kanisani, akalala chini ubavuni kwangu, akachungulia muda mrefu.

"Unaona?" alisema. "Bantu ya Karavia beko banasimama sawa miti, banapenda bote bafanane. Kintu ya kila siku njo inajifichaka zaidi. Lala chini, panda yulu, zunguka nyuma. Mama yako unamuona kila siku, si vile? Sasa mara ya mwisho ulimuangalia lini?"

"Mukiendelea kuangalia kisigino yangu, nitabapika na huu muiko," mama alisema, na sote watatu tulicheka.

Lakini kinyozi hajinyoi. Ukuta wa nyumba yetu ulijaa harusi za watu na komunyo za watoto wa wengine, na mama hakuwa na foto moja ya maana. Leo ana makaa usoni, kesho nywele hazijasukwa, keshokutwa film imebaki mbili na mteja anasubiri. Alikuwa na picha ya kitambulisho tu, ile ambayo hata mtakatifu hutoka na sura ya mshtakiwa.

Kabla sijafika kwenye ugonjwa wake niseme habari ya Fifi, maana bila Fifi hamtaelewa. Alikuwa mtoto wa kulelewa kwa jirani, rika langu. Mjomba wake alipofariki, nilisikia wakubwa wakinong'ona kwamba Fifi "alimukula". Nilimchungulia Fifi meno. Yalikuwa madogo, moja limeoza. Sikuelewa angemlaje mtu mzima, tena mnene vile. Mchana huohuo walimtoa barabarani na kifurushi cha nguo, na hatukumwona tena. Ninyi wa kwetu mnajua ni kula gani huko, kula kwa mulozi, yaani mchawi, kusiko na sahani. Mimi nilijua tu kwamba kuna mtoto aliyekula vibaya akafukuzwa, na kwa siku kadhaa nilitafuna taratibu.

Kisha mama akaanza kupungua. Tumbo, walisema. Kitenge alichokuwa anakifunga mara moja kikawa kinazunguka mara mbili. Jembe likakaa ukutani. Yeye akakaa kwenye kigoda kando ya mbabula, na mimi nikapewa sufuria. Bukari ilinishinda, inataka mikono ya mtu mzima, kwa hiyo alinianzisha na wali.

Asubuhi moja baba aliweka film mpya, akaniletea kamera mkononi mwake. "Ya kuonja," alisema. Nilikuwa nimelala chini kwa tumbo tayari, napuliza makaa, na kutoka pale chini niliona mkono wa mama ukishika mfuniko kwa pembe ya kitenge. Baba aliweka kamera kwenye udongo mbele ya pua yangu, akainua lenzi kidogo kwa kidole chake.

"Sikia, Mado," mama alisema. "Usingojake harufu ya kuungula. Harufu ikikuya, bintu bilishaharibika. Funikula, mwanangu, uangalie."

Kufunikula, kwetu, ni kufunua. Akafunua. Mvuke ukapanda. Nikabonyeza.

Siku chache baadaye alisukwa nywele kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Alivaa kitenge chake cha harusi, akakibana kwa pini nyuma ili kisionekane kwamba kimemwacha. Baba alitoa kiti nje, akakiweka mbele ya mahindi, akakiondoa, akakiweka mbele ya ukuta, akakirudisha. Sikuwahi kumwona akikosa mahali pa kuweka kiti.

"Pika muzuri," mama alimwambia. "Hii njo foto ya Mado. Akikomaa asikuye kuuliza bantu sura yangu ilikuwa namna gani."

"Usiseme vile."

"Nasema vile. Pika."

Baba alipika mara tatu. Alichukua muda mrefu kati ya moja na nyingine, kamera imemziba uso, na mimi niliona machozi yanatoka chini ya kamera nikadhani ni jasho. Nilimuuliza itaiva lini. Alisema film haijaisha, bado ina nafasi, ikiisha ataingia nayo stoo.

Haikuisha. Siku ya pili yake mama aliamka hawezi kusimama, wakamchukua hospitalini kwa gari la jirani, baba akabaki naye huko. Tantine Véro, dada mkubwa wa baba, alikuja kukaa na mimi. Alikuwa mama wa rozari, mwenye mikono mizito na moyo ambao sikuwahi kuujua upande wake. Kamera ilibaki pale baba alipoiacha kwa haraka, kwenye kizingiti cha dirisha.

Dirisha lile liliangalia jua la mchana. Siku ya tatu nilipita nikaigusa. Ilikuwa ya moto. Si vuguvugu, ya moto, chuma chake kiliniuma kidole. Nilisimama pale, maana nilielewa jambo ambalo wakubwa walilisahau. Sura ya mama ilikuwa humo ndani, siku zote hizo, juu ya moto, na hakuna mtu anayeangalia. Nikanusa. Harufu bado. Na mama aliniambia nisingoje harufu.

Nilibonyeza kitasa. Mgongo ukafunguka. Ndani niliona ukanda laini, rangi ya uji uliopoa, umejizungusha vizuri, hauna sura yoyote. "Haiyaiva," nilisema kwa sauti, yaani bado haijaiva, na jua likaniangazia mikono na ukanda wote. Nilifunga. Niliitoa dirishani nikaiweka kivulini juu ya kabati, nikaifunika kwa kitambaa, kama mama alivyofunika wali wa baba akichelewa. Nilifurahi. Nilijiona mtoto mkubwa mwenye akili, na nikapanga kumsimulia mama akirudi.

Mama hakurudi nyumbani akiwa hai.

Kilio kilijaa kiwanjani. Wanaume kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka, mahindi yake yamekanyagwa na watu waliokuja kumlilia. Kwenye meza ndogo kulikuwa na mshumaa na kitambaa cheupe, na nafasi katikati. Watu waliuliza foto. Wote walijua kwamba mume ni fundi, wakasubiri kitu kizuri. Baba aliichukua kamera pale juu ya kabati, akaingia stoo, na mimi nikakaa mlangoni mahali pangu.

Nilisikia maji. Nikasikia beseni likitikiswa.

"Papa, ilishaiva?"

Hakusema bado, wala hakusema ngoja. Niliuliza tena, polepole zaidi, kwa sababu wanawake walikuwa wanaimba. Mlango ulifunguka wenyewe nikaona miguu yake kwanza. Mkononi alikuwa na ukanda unaodondosha maji, mweusi kama makaa.

"Film iliungula," alisema.

Uimbaji ukapungua. Tantine Véro akainuka kwenye mkeka. "Iliungula namna gani? Iko film ya mama wa mutoto! Nani alishika ile appareil?"

Appareil ndiyo kamera. Na mimi, niliyekuwa na jibu, nilisimama katikati ya watu wote. Sikuwa na hofu. Nilitaka wajue kwamba angalau mtu mmoja alikuwa anaangalia.

"Ni miye nilifunikula," nilisema. "Nilitaka kuona kama mama alishaiva..."

Mkono wa baba ulinifunika mdomo na pua. Ulikuwa umelowa, baridi, unanuka siki, kwa sababu beseni la pili ni la siki, ndiyo inayozuia foto isiendelee kuiva. Nilikosa pumzi. Kupitia vidole vyake nilimwona Tantine akiniangalia, si machoni, mdomoni.

"Mutoto anasema ya wali," baba alisema, kwa sauti kubwa kuliko alivyowahi kutumia kiwanjani kwetu. "Mama yake alimufundisha kupika wali. Film njo miye. Niliwaza ilishaisha, nikafungula appareil kwenye mwangaza. Njo miye, Véro. Musiulize mutoto."

"Weye? Fundi muzima?"

"Njo miye."

"Mon Dieu, Mungu wangu," Tantine alisema, akakaa. Na kilio chote kikamgeukia baba. Niliona watu wakimtikisia vichwa, wanaume aliowapiga foto za harusi zao, wanawake aliowafuata Karavia na kuwaambia watabasamu. Yeye alisimama na ule ukanda mkononi, anadondosha maji kwenye viatu.

Mezani waliweka picha ya kitambulisho, iliyokuzwa na mtu mjini mpaka ikawa chembechembe. Mama aliangalia mbele kama anayeulizwa kosa lake. Nilimtazama kupitia kiberiti changu, chini, juu, pembeni, na hakuwa yeye.

Hapa ndipo nina aibu. Nilimwamini baba. Niliamini kwamba mimi niliiacha film salama kivulini na yeye akaja akaifungua na kuichoma, na kwamba aliniziba mdomo ili watu wasijue mtoto aliitunza kuliko fundi. Mimi ni mtu wa kinyongo, nilizaliwa hivyo, na kinyongo kile nilikilea kwa miaka. Niliacha kumletea vitu nilivyoviona. Aliponiita, "Mado, kuya uone, iko kintu hapa nyuma ya pipa," nilijibu kwamba nina masomo. Kiberiti nilikitupa. Wateja nao walipungua, maana mjini habari hutembea: aliyechoma mke wake atachoma na harusi yetu. Alianza kufundisha watoto hesabu jioni, na kamera akaiweka sandukuni.

Siku moja, nimeshakuwa msichana wa sekondari, tuligombana juu ya jambo dogo sana, sahani, na nikamwambia: "Bantu bote wa Lubumbashi uliwapikia foto. Mama yangu peke yake njo ulimuchoma."

Baba aliweka sahani chini. "Njo vile," alisema. Akaenda kumwagilia mboga.

Haukupita hata mwaka. Mpiga foto alikuja shuleni kwa picha ya darasa, na mtoto mmoja mtundu akamfungulia kamera mgongoni. Yule bwana alipiga kelele mpaka mkuu wa shule akatoka. "Mwangaza ikiingia, kwisha! Film yote ilishaungula!" Wenzangu walicheka. Mimi nilisimama kwenye mstari wangu nikahisi mdomoni harufu ya siki. Niliona dirisha, kitasa, ukanda wa rangi ya uji, jua kwenye mikono yangu. Mtu mmoja tu alikuwa ameifungua kamera ile, na alikuwa na furaha.

Nilipaswa kukimbia nyumbani siku ile nimwambie. Nilitembea, tena nikapita njia ndefu. Nilimkuta anapika maharagwe, akaniuliza kama nina njaa, nikasema ndiyo.

Sehemu ya pili niliielewa nikiwa tayari mama wa watoto. Mtaani kwetu walimtoa mtoto nje ya nyumba, baada ya msiba, kama walivyomtoa Fifi. Nilikuwa nashona kifungo. Nilisikia wakisema "alimukula", na sindano ikanisimama mkononi, kwa sababu nilijisikia mwenyewe, sauti yangu ya bila meno, mbele ya jeneza na mbele ya Tantine Véro: nilifunikula, nilitaka kuona kama mama alishaiva. Anayemfunua mtu kuona kama ameiva anataka nini? Anataka kumla. Hakuna mtu kwenye kilio kile ambaye angesikia neno lingine. Baba alikuwa na muda wa kuvuta pumzi moja tu, na katika pumzi hiyo alichagua kati ya jina lake na mtoto wake. Ndiyo maana mkono ulikuja haraka vile, na mpaka leo naweza kuhisi kidole chake kidogo kwenye shavu langu.

Basi alijua. Tangu alipouona ukanda ule mweusi, alijua. Na mimi nilijua kwamba anajua, na Jumapili baada ya Jumapili nilikwenda kumwona, tukaongea habari ya mvua, magoti yake, paroko mpya. Mara nyingi nilifika nalo kwenye ulimi. Hata mwisho, alipokuwa amelala hawezi kuinua kikombe, nilimshika mkono uleule, nikaunusa kwa siri. Ulinuka sabuni. Nilisema, "Papa." Alisema, "Ee?" Nikamuuliza kama anataka maji. Majuto ni mjukuu, walisema wahenga; wangu ameshakuwa mtu mzima.

Sasa nirudi kwenye sanduku. Chini ya kamera, chini ya mikanda ya harusi za watu, kulikuwa na bahasha ya kaki yenye mwandiko wake wa mwalimu wa hesabu. Ameandika: *Foto ya Mado. Bado. Ngoja kidogo.*

Nilisubiri jibu lile mlangoni pa stoo siku ya kilio, nikalipata sasa, nina mvi.

Ndani ulikuwa ukanda mmoja. Niliushika kwa kingo kama alivyonifundisha, nikauinua dirishani. Mweusi. Mweusi. Pale mama alipokaa kwenye kiti mbele ya mahindi, mara tatu, hakuna kitu, jua langu limekula yote. Nilizitafuta zile tatu kwa muda mrefu, nikaubana ukanda kwenye kioo mpaka macho yakauma, angalau ukingo wa kiti. Hakuna. Nilikuwa nimeanza kuukunja nilipofika mwanzoni kabisa, kwenye foto iliyokuwa imejizungusha ndani ya zote, ambayo nyingine ziliifunika zilipokuwa zinaungua. Ya kuonja.

Simu za siku hizi zinageuza rangi, nyeusi ikawa nyeupe. Niliupiga picha ukanda nikageuza, nikaharibu mara mbili. Mara ya tatu ikakaa. Upande mmoja umeliwa na mwanga. Upande mwingine kuna ukingo wa mbabula, mkubwa kama ukuta, kwa sababu nililala chini. Kuna ncha ya kidole cha baba chini ya lenzi, imefifia. Kuna mkono wa mama na pembe ya kitenge, umeshika mfuniko, na mvuke umepanda ukafunika macho yake na paji lake la uso. Sura yake bado sina. Nina kidevu, na mdomo ulio wazi katikati ya neno.

"Njo miye, papa," nilisema peke yangu, sakafuni. "Njo miye nilifungula."

Kisha nikaisogeza simu karibu nikauangalia ule mdomo, kutoka chini, kama zamani. Najua ulikuwa unasema nini. Unasema: funikula, mwanangu, uangalie.